Utoto Unaoandikwa Kinyumenyume

Uzanaki, mkoani Mara, kuna simulizi ya bao inayojulikana sana. Kambarage, ndiye Julius Nyerere wa baadaye, mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Butiama, alikuwa fundi wa bao tangu udogoni. Mtemi Makongoro wa Ikizu alipofika kumtembelea baba yake, alicheza na kitoto kile akapigwa, akacheza tena akapigwa tena, mwishowe akamwambia mwenyeji wake: mtoto huyu mpeleke shule. Mwaka 1934, akiwa na miaka 12, Kambarage aliingia shule ya Mwisenge, Musoma. Miaka 27 baadaye alikuwa waziri mkuu wa Tanganyika huru.

Simulizi ni tamu, na inawezekana kabisa kwamba bao hilo lilichezwa. Kasoro iko kwenye mzigo tunaolitwisha. Watoto wangapi wa Uzanaki walijua kucheza bao mwaka 1934? Na wangapi kati yao walikuwa na baba anayetembelewa na watemi? Tangu Gavana Donald Cameron alipoanzisha utawala wa kupitia watemi katikati ya miaka ya 1920, Waingereza walihitaji watoto wa watemi wanaojua kusoma, kuandika na kuhesabu kodi. Shule ya Mwisenge ilikuwa ya utawala wa wenyeji, nao walioalikwa kwanza walikuwa watoto wa nyumba kama ile ya Burito. Akili ya Kambarage ilikuwa yake. Nafasi ya kukaa darasani ilikuwa ya ukoo.

Tunayo methali ya kufunika tofauti hiyo: nyota njema huonekana asubuhi. Ni methali nzuri, ila anayeitamka huwa ameshafika jioni. Anajua nyota ipi iling'aa, ndipo anarudi asubuhi kuitafuta. Nyota nyingine elfu zilizoonekana asubuhi ileile zikazimika kabla ya saa nne hakuna anayezihesabu. Hivyo ndivyo sehemu kubwa ya wasifu wa watu wetu mashuhuri inavyoandikwa: mwandishi anaanza na cheo, anarudi nyuma na tochi, na kila alichokuwa akikifanya mtoto kinageuka bishara. Akiwa mkimya, alikuwa akitafakari. Akiwa mtundu, uongozi ulikuwa unachemka. Mtoto huyo hana njia ya kushindwa.

Kuna namna bora ya kuuliza. Kwa kila dai kuhusu utoto wa mtu, uliza kwanza nani alilisema, mwaka gani, kwa lugha gani na akihitaji nini. Kisha tafuta vitu viwili ambavyo haviwezi kutungwa kirahisi: ujuzi ambao mtu huyo anaonekana akiutumia baadaye, na mlango uliomwingiza mahali ambapo wenzake hawakuingia. Sifa za tabia ziache mwisho kabisa. Ndizo zinazopatikana kwa bei rahisi.

Mtu wa kujaribia kipimo hiki ni Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, Sultani wa Zanzibar, aliyezaliwa katika jumba la Bet il Mtoni, Unguja, Agosti 1844. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria kutoka nchi ya Wasirkasi, huko Kaukasi. Mabinti wa jumba la kifalme walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hawakufundishwa. Salme anaeleza kwamba alijifunza kwa siri, akinakili herufi za msahafu kwenye mfupa mpana wa bega la ngamia, ambao ndio uliokuwa ubao wa watoto wa wakati ule. Maelezo haya yanatoka kwake mwenyewe, katika kumbukumbu zilizochapishwa Berlin mwaka 1886. Wakati huo alikuwa mjane wa mfanyabiashara wa Hamburg, anaitwa Emily Ruete, anaandika kwa Kijerumani kwa ajili ya wasomaji wa Kijerumani. Mwaka mmoja kabla, 1885, alikuwa amerudi Zanzibar chini ya kivuli cha manowari za Kijerumani kudai urithi wake. Mtu wa namna hiyo ana sababu nyingi za kuyapamba makuzi yake.

Basi tuamini nini? Mfupa wa ngamia naukubali, kwa sababu kuna tukio linalousimamisha. Mwaka 1859 Barghash, ndugu yake Salme, alipomwasi kaka yao Majid aliyekuwa kwenye kiti cha usultani, kambi ya waasi ilihitaji mtu wa ndani anayeweza kuandika barua bila kumwita karani wa nje. Salme, mwenye miaka 15, ndiye aliyekuwa katibu wao. Uasi ulishindwa, Waingereza wakamsaidia Majid, Barghash akapelekwa Bombay. Kwa Salme kukiri jambo hilo kulikuwa na gharama: Majid ndiye kaka aliyewahi kuishi naye nyumba moja na kumlea, na aliyeandikiwa njama alikuwa yeye. Msimulizi akitaja linalomwumbua, neno lake lina uzito kuliko akitaja linalomsifu.

Kinyume chake, kurasa anazoeleza jinsi watumwa wa Zanzibar walivyoishi kwa raha kuliko Wazungu walivyodhani zisomwe kwa jicho kali. Pale hasimulii tena yaliyompata. Anaitetea nyumba aliyozaliwa, nyumba iliyosimama juu ya migongo ya watu wengine, akiwemo mama yake aliyefika Zanzibar kwa kununuliwa. Kitabu ni kimoja, msimulizi ni yuleyule, lakini kurasa zake hazilingani uzito. Kosa la kawaida ni kukikubali chote kwa kuwa kimeandikwa na mwenyewe, au kukitupa chote kwa kuwa kimeandikwa Ulaya.

Tippu Tip, mfanyabiashara mashuhuri wa misafara, anatuonyesha upande mwingine. Hamed bin Muhammed el Murjebi alieleza maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode akayahamishia kwenye herufi za Kilatini na kuyachapisha mwanzoni mwa karne ya 20, katika miaka ambayo mzee huyo alikuwa anamalizia siku zake Unguja. Wengi huanza kukisoma wakitarajia kumwona mtoto. Hayumo. Anaanza alipokuwa na miaka 12, tayari yuko safarini na jamaa zake kufanya biashara ya sandarusi, ule utomvu mgumu wa miti, naye amepewa mzigo mdogo kwa sababu ya umri. Mama, michezo, madrasa: hakuna.

Ukimya huo ni ushahidi. Unaonyesha kile ambacho mtu wa tabaka lake na wakati wake alikiona kuwa maisha: mali, safari, deni, vita na majina ya jamaa walioshirikiana mtaji. Utoto kama chumba cha kipekee ambamo nafsi ya mtu hupikwa ni wazo lililokuja na vitabu vya watu wengine. Mwandishi wa leo anayemtungia Tippu Tip utoto wenye machozi au ndoto anamvisha nguo isiyo yake. Na tusisahau kwamba sandarusi ilifuatwa na meno ya ndovu na watu waliofungwa minyororo. Hesabu ile ndogo ya miaka 12 ndiyo iliyokua.

Kwa wengine ukimya hawakuuchagua. Kinjikitile Ngwale, mganga wa Maji Maji, tunamwona vizuri kuanzia 1904 pale Ngarambe, na Agosti 1905 Wajerumani wakamnyonga Mohoro, vita hivyo vikiwa vimeanza tu. Mekatilili wa Menza anaingia kwenye makaratasi ya Waingereza mwaka 1913, anapowaapisha Wagiriama wa pwani ya Kenya wakatae kazi na kodi, kisha anakamatwa na kupelekwa mbali, Kisii. Utoto wa hao wawili hauna karatasi. Serikali ya kikoloni ilimwona Mwafrika katika hali mbili tu: alipoihudumia au alipoisumbua. Kabla ya hapo alikuwa idadi ya vibanda kwenye hesabu ya kodi.

Kwa Mekatilili kuna masimulizi ya Kigiriama kwamba ndugu yake alichukuliwa na wafanyabiashara ya watumwa. Simulizi hilo lichukuliwe kwa heshima na kwa taratibu zake. Lisikilizwe kwa zaidi ya ukoo mmoja, iangaliwe kama jina la ndugu linabaki lilelile, na kama mahali panapotajwa palikuwa kweli kwenye njia za misafara. Likipita hapo, linaweza kuandikwa kama kumbukumbu ya jamii. Lisiandikwe kama chanzo cha upinzani wa 1913 bila kutaja kwamba mwaka huohuo Waingereza walikuwa wakidai vijana wa Kigiriama wakafanye kazi kwenye mashamba ya wageni. Kidonda cha zamani hakieleweki bila kuonyesha mkono uliokitonesha.

Sasa tarehe na majina, mahali ambapo makosa mengi ya wazi hufanyika na ambapo ni rahisi kuyakamata. Mwaka wa kuzaliwa wa Jomo Kenyatta hutajwa tofautitofauti ndani ya miaka ya 1890 na hata kabla yake kidogo. Hakuna cheti. Lakini kuna rika. Alitahiriwa 1913, alipokuwa tayari mwanafunzi wa misheni ya Waskoti ya Thogoto, alikofika 1909. Ikiwa vijana walitahiriwa wakiwa na miaka kati ya 15 na 18, hesabu inatupa 1895 hadi 1898. Hayo ni makadirio, na mwandishi mwaminifu ataandika "kati ya" badala ya kuchagua mwaka mmoja kwa sababu unapendeza kwenye jalada. Njia hiyohiyo hutumika kwingine: njaa, ukame, nzige, vita na magonjwa vina majina na miaka. Mzee wa Ugogo akisema fulani alizaliwa wakati wa njaa ya Mtunya, amekupa miaka ya mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, yapata 1917 hadi 1920, na hilo ni bora kuliko "1 Januari" iliyojazwa na karani aliyechoka.

Majina nayo yana kalenda yake. Huyohuyo alikuwa Kamau wa Ngengi, akabatizwa Johnstone mwaka 1914, akajulikana kwa Kenyatta katika miaka ya 1920 kwa sababu ya mkanda wake wa shanga, na jina Jomo likatokea kwenye jalada la kitabu chake cha 1938. Ukikutana na maelezo yanayodai kwamba wazee wa kijiji walimwita Jomo akiwa mchungaji wa mbuzi, umeshika kidole cha mtunzi wa baadaye. Dawa ni rahisi: chora jedwali la safu nne, mwaka, mahali, jina alilotumia wakati huo, na nani kasema. Safu ya nne ndiyo inayouma. Jaza miaka 20 ya kwanza ya mtu yeyote unayemsifu, uone nafasi zilizobaki tupu.

Jedwali hilo pia huibua mambo ambayo masimulizi ya kishujaa hayayataki. Katika miaka ya 1920 Kenyatta alikuwa mwajiriwa wa idara ya maji ya Nairobi, akisoma mita. Waandishi wengi huipita kazi hiyo kwa aya moja, kana kwamba ni aibu kidogo. Mimi naiona ni kati ya kazi zenye faida kubwa alizowahi kupata. Ilimpa mshahara wa uhakika na ruhusa ya kuzunguka mji uliotengwa kwa rangi, akiingia nyua za kila mtaa. Mwaka 1928 alipoanza kuhariri Muigwithania, gazeti la Kikuyu, alikuwa mtu anayeujua mji kuliko viongozi wengi waliokuwa wamekaa vijijini. Mlango wake ulikuwa mita ya maji.

Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, alizaliwa Fumba, Unguja, yapata 1880, akapewa jina Mtumwa. Jina hilo pekee lingetosha makala nzima, maana hali ya utumwa Unguja ilifutwa kisheria mwaka 1897 tu. Alifinyanga na kuuza vyungu, akahamia mjini 1911, akafunzwa uimbaji na Ali Muhsin, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Kuna maandishi yanayomweka akiimba mbele ya Sultani Barghash. Fungua kalenda: Barghash alifariki 1888. Siti alikuwa bado mtoto wa Fumba, na mjini angefika miaka 23 baadaye. Kosa hili linatokana na haraka ya kuunganisha vitu viwili vya kweli, kwamba Barghash aliikaribisha taarabu ikulu na kwamba Siti aliitoa taarabu ikulu. Baina ya mambo hayo mawili kuna miaka mingi, na ndani ya miaka hiyo ndimo lilimo lililo kubwa zaidi: taarabu ya ikulu iliimbwa kwa Kiarabu, na yeye akaileta kwenye Kiswahili cha Ng'ambo, mitaa ya watu wa kawaida mjini Unguja.

Mahasimu wake walimtungia wimbo wa kumkumbusha kaniki alizotoka nazo shamba. Walifikiri wanamvua nguo. Kwa mtafiti wametoa zawadi, maana matusi huwa na taarifa ambazo sifa huzificha: alikotoka, alichovaa, na kwamba watu walijua. Tafuta daima aliyemchukia shujaa wako. Marafiki hukumbuka tabasamu, maadui hukumbuka madeni.

Turudi Mwisenge, maana suala la mlango linaishia kwenye swali la urithi. Mtoto wa mtemi alifika pale akiongea Kizanaki. Kiswahili, ambacho baadaye angekifanya lugha ya taifa na ambacho angekitumia kumtafsiri Shakespeare, Julius Caesar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, alijifunzia shuleni. Mwaka 1937 akaenda Tabora, shule iliyofunguliwa 1925 ikiwalenga hasa watoto wa machifu. Makerere ikafuata 1943, Edinburgh 1949 hadi 1952. Kila ngazi ilikuwa nyembamba kuliko iliyotangulia. Hakuna hata moja aliyoipanda kwa bao.

Ili kujua kipi ni cha mlango na kipi ni cha mtu, mweke karibu na mwenzake aliyepita mlango uleule. Abdallah Fundikira alizaliwa 1921, naye wa ukoo wa kitemi, Unyanyembe. Naye alisoma Tabora, akaenda Makerere. Mwaka 1957 akawa mtemi, kisha akawa waziri katika serikali ya kwanza, akajiuzulu 1963, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 akajitokeza kudai vyama vingi. Ukoo unalingana, shule zinalingana, umri umepishana mwaka mmoja. Kilichotofautiana kilitokea baadaye, nacho kina tarehe. Mwaka 1955, baada ya kutoka Umoja wa Mataifa, Nyerere alitakiwa achague kati ya siasa na kazi ya kufundisha katika shule ya Pugu. Aliacha mshahara, akarudi Butiama bila kazi. Hakuna mtoto wa miaka 12 aliyebashiri hilo. Lilikuwa uamuzi wa mtu mwenye miaka 32, mwenye familia, na ukilisukuma nyuma hadi utotoni unamnyang'anya sifa yake.

Kisha urithi wenyewe. Mwaka 1963 serikali ya Nyerere ilifuta mamlaka ya kitemi Tanganyika, yaani ilifunga mlango uliomwingiza yeye. Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha, akaandika Elimu ya Kujitegemea, waraka unaoshambulia shule inayowatenga wachache na jamii yao. Azimio la Musoma la 1974 likaagiza kila mtoto awe darasani ifikapo 1977. Azimio hilo lilitoka mji uleule ambako alikaa dawatini kwa mara ya kwanza. Ni rahisi kusema alikuwa analipa deni la utotoni. Mimi naona jambo kavu zaidi: alikuwa amepita ndani ya mfumo ule hatua kwa hatua, kwa miaka 18, akaujua unavyochuja. Ndiyo maana uchambuzi wa waraka ule ni mkali kuliko utekelezaji uliofuata. Madarasa yalijaa, walimu hawakutosha, wengine wakapelekwa kufundisha baada ya mafunzo mafupi, na sekondari zikabaki chache kiasi kwamba chujio lilihama tu, kutoka mlango wa darasa la kwanza hadi mlango wa kidato cha kwanza. Kwa muda mrefu hatukuliona kwa sababu tulikuwa tunahesabu waliofika mlangoni.

Kuna swali moja ambalo simulizi ya bao haijawahi kuulizwa. Burito alikuwa na wake 22, na mama yake Kambarage, Mgaya, alikuwa wa tano. Nyumba ilijaa watoto. Mwaka ule wa 1934, mwalimu wa Mwisenge alipopokea jina moja kutoka Butiama, wasichana wa boma lile walikuwa wapi, na nani kati yao alikuwa anajua bao?